Jibu kwa Oighrig, kuhusu Arusi

Orodha yako imefika kutoka Halifax, kurasa saba.
Nimeisoma mara mbili, ya pili bila miwani,
nikidhani huenda ikapungua.

Viti mia na ishirini, vyeupe, vitazame bahari.
Mwanangu, upepo wa Harris hula viti.
Mwezi wa tano uling'oa paa la banda la Dolina
ukalishusha makaburini kwa adabu, katikati ya njia.
Azima mabenchi ya kanisa. Mazito, hayana sura,
yamebeba misiba yetu yote bila kulia;
furaha ya saa moja haitayashinda.

Tao la maua, hapana. Ifikapo Juni
uwanda wa juu ya mchanga hujichanulia wenyewe,
manjano kwanza, kisha zambarau, na hakuna anayelipwa.
Ila visubi. Upepo ukitulia watakuja,
watamla mchungaji, watamla bwana arusi na mpiga picha.
Kwa hiyo uombee upepo uleule ninaoulaumu.

Kikombe cha masikio mawili ninacho, kile cha fedha.
Kimebonyea upande: baba yako alikiangusha
siku ya arusi yake, wiski ikanywewa na nyasi.
Usikipeleke kwa sonara.

Umeandika pia: kufungwa mikono kwa kamba, kama mababu.
Mababu gani?
Mama yangu alifungwa mikono na ndoo za maziwa tu.
Funga ukitaka. Kamba nitakusokotea mwenyewe
kwa sufu ya kondoo wetu,
lakini usiniambie kwamba ni ya kwetu.
Ya kwetu ni hii, na haimo katika kurasa zako:

usiku wa kuamkia arusi itapigwa hodi.
Fidèle ataingia, na hatasema neno.
Atafute mshenga, mtu mwenye ulimi,
aketi mezani petu asitaje arusi wala jina lako.
Aseme amesikia tuna mtamba wa kondoo,
naye ana malisho, ana zizi lisilovuja,
je, tungempa amtunze kipupwe hiki?
Sisi tutakuna vichwa.
Tutamleta Dolina kwanza, miaka sabini na tisa,
meno kayaacha kwenye glasi.
Mshenga asicheke upesi. Aseme: huyu ni mzuri,
sufu anayo, ila siye aliyetunyima usingizi.
Tutamleta kijana wa posta kavalishwa shela.
Aseme: huyu ana nguvu, lakini mashavu yanachoma.
Kisha wewe.
Nyumba nzima itanyamaza
kana kwamba hatukujua.

Hapo ndipo penye mwiba, ndiyo maana nimekawia kujibu.
Jibu hutoka kwa baba.
Mama yako amesema kiti kile hakisogelei.
Mjomba wako Iain atalia kabla ya supu.
Mchungaji atahubiri.
Kwa hiyo nitakaa mimi, shangazi mtu.
Najua si desturi. Desturi nayo ni mtu mzima,
itanizoea.

Murchadh angelijua la kusema. Miaka thelathini
aliendesha gari la maktaba, kijiji hadi kijiji,
mvua ikipiga ubavuni, na kila kitabu alichoazimisha
alikipiga kofi dogo mgongoni, akamwambia mtu:
kirudi na kurasa zake zote.
Walikuwepo waliorudisha baada ya miaka tisa.
Hakumtoza mtu faini.

Nimefanya mazoezi jikoni, mbele ya birika.
Mshenga akimaliza, sitamtazama yeye,
nitamtazama Fidèle, huyo bubu wa usiku mmoja.
Nitasema: mchukue, malisho ni yako.
Nitakupiga kofi dogo mgongoni.
Nitasema: arudi
na kurasa zake zote.

Nitumie saizi ya miguu yako, nifume soksi.
Mchanga ule ni baridi hata Juni,
na nakujua, utavua viatu.